Makadirio ya gharama za kujenga nyumba Ujerumani
Ndugu yangu, umeuliza kama bei ya kila mita ya mraba uliyopewa na kampuni ya nyumba zinazotengenezwa kiwandani huko Ujerumani inatosha kukadiria gharama yote. Haitoshi, na nakusihi usitie saini kabla ya kusoma maandishi madogo. Katika kijitabu nilichopewa mimi, chini kabisa ya ukurasa, paliandikwa "ab Oberkante Bodenplatte", yaani bei inaanzia juu ya zege la sakafu. Kuchimba, kumwaga msingi na kuvuta maji, umeme na bomba la majitaka ni juu yako. Kodi ya ununuzi wa ardhi nayo hutofautiana kwa jimbo: Bavaria ni asilimia 3.5, Nordrhein-Westfalen ni 6.5, na mikataba ya kiwanja na ya ujenzi ikifungamana, kodi hiyo yaweza kutozwa kwenye jumla ya vyote viwili. Ada za mthibitishaji wa mikataba (notari) na za daftari la ardhi huongeza karibu asilimia 2. Mimi ningemwita kwanza mtaalamu apime udongo, kwa sababu udongo laini wenye maji hupandisha sana gharama ya msingi, na hilo ni heri ulijue kabla ya kwenda benki.