Maswali ya Wasomaji: Mbona kimbunga kilikuja Mei?

SWALI: Nina mashua mbili za kuvulia. Tumezoea kuwa vimbunga ni vya Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya kilitukuta Mei 2024. Je, joto la dunia limeurefusha msimu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

JIBU: Hidaya peke yake hakitoshi kuthibitisha hilo. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei, siku nne tu baada ya msimu kuisha, na vimbunga vya mwishoni si vigeni kwetu: cha Unguja mwaka 1872 na cha Lindi mwaka 1952 vyote vilipiga katikati ya Aprili. Januari na Februari ukanda wa mvua huwa kusini, na vimbunga huzaliwa huko vikaelekea Madagaska na Msumbiji. Tanga mbili (kipindi cha kati ya kaskazi na kusi) ikiingia, ukanda hurudi kaskazini pamoja na jua, navyo huweza kuzaliwa usawa wetu.

Kimbunga hutaka maji ya nyuzi 26.5 au zaidi, tena hadi kina cha mita 50 hivi. Joto likiwa la juujuu tu, mawimbi huchota maji baridi ya chini na kukipunguza nguvu. Bahari yenye joto zaidi hufikia kiwango hicho mapema na kukaa nacho muda mrefu. Lakini mwezi Mei kusi, upepo wa msimu utokao kusini, hutusaidia: upepo wa chini na wa juu ukitofautiana sana, mawingu ya kimbunga huinama na kusambaratika. Badiliko lililo wazi zaidi liko mwanzoni mwa msimu. Tangu miaka ya 1980 vimbunga vikali sana vinatangulia kwa siku 3 hadi 4 hivi kila muongo.

Kwa hiyo Mei usiiache, na nanga na kamba za akiba ziwe tayari kufikia katikati ya Novemba. Kimbunga Chido kilipiga Mayotte, visiwa vilivyo kati ya Msumbiji na Madagaska, tarehe 14 Desemba 2024.

Usipime hatari kwa upepo tu. Kila hewa inapoongezeka nyuzi moja ya joto, hubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hidaya kilidhoofika karibu na nchi kavu, lakini mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Mashua usizifiche mtoni, maji hushuka na magogo. Zipandishe juu kabisa ya mstari wa majani makavu ulioachwa na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba, usitoke kukaza kamba: huenda ni jicho, kitovu tulivu cha kimbunga, linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.