Mahame ya Kansas: makala au mstari mmoja?

SWALI: Ramani ya zamani ya Kansas, Marekani, inaonyesha kijiji, leo ni shamba tupu. Kinastahili makala Wikipedia?

JIBU: Kuhamwa hakukinyimi haki. Kikiwahi kukaliwa na kutambuliwa kisheria, kwa kawaida kinastahili. Jina kwenye ramani au GNIS, hifadhidata ya serikali ya Marekani ya majina ya mahali, halitoshi: humo “mahali penye watu” huenda pakawa njia ya pembeni ya reli tu. Kuwa na posta nako hudanganya sana, kwani karne ya 19 nyingi zilikuwa kona ya duka au sebule ya mkulima. Tafuta sensa na magazeti ya kaunti yanayokieleza chenyewe: shule, kinu, mwaka watu walipohama. Ukiambulia sentensi mbili, ziweke kwenye makala ya kaunti, jina lielekezwe huko. Usikitupe kabisa, watu walizikwa pale.