Jibu: Mzee Ojwang hapatikani kwenye magazeti

Salaam, ndugu wa Likoni. Umesema mwanao amepewa kazi ya shule aandike maisha ya Mzee Ojwang, mwigizaji wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha KBC (shirika la utangazaji la Kenya), na mkitafuta "Ojwang" mnaletewa watu wengine kabisa.

Anzeni na jina. Huyo ni Benson Wanjau. Ojwang lilikuwa jina la kuigizia. Alikuwa Mkikuyu, ila lafudhi ya Kijaluo aliimudu hata wengi wetu huku Pwani tungeapa katoka Kisumu. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa mkewe kwenye runinga tu, kwa hivyo mtoto asimtie kwenye sehemu ya familia.

Halafu nendeni maktaba mkaombe magazeti ya Julai 2015. Mkutubi huuliza tarehe kwanza, basi mwambieni: alifariki tarehe 12 mwezi huo. Taazia za wiki ile ndizo zenye nyama: miaka yake KBC, macho yaliyomsumbua uzeeni, michango ya matibabu. Jamaa na waigizaji wenzake huwa wanasema hapo. Video za mtandaoni tazameni mcheke. Maelezo ya chini yake, loh, kila mtu na tarehe zake.