Muulize Fundi: Hita ya gesi haiwaki asubuhi

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Ipagala hapa Dodoma, tuna hita ya gesi ile ya kutundika ukutani bafuni, mwaka jana ilikuwa inawaka vizuri tu. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze imekuwa shida, mara inalia tik tik tik haishiki, mara kimya kabisa, na watoto wanatakiwa kuwahi shule. Jirani anasema gesi imeganda, mume wangu anataka tununue nyingine. Mtungi ni wa kilo 6, tumebadilisha juzi tu. Kadirisha ka bafuni tumekaziba na nailoni sababu ya upepo.
Mama wa Ipagala

JIBU: Mama, hiyo nailoni itoe leo leo kabla hujamaliza kusoma. Hita ikiwaka kwenye chumba kilichozibwa inatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, mtu anaishiwa nguvu anaanguka humohumo anaoga. Na hita yenyewe sio ya kukaa bafuni, ihamishie ukuta wa nje, bafuni uvute bomba la maji moto tu.

Gesi haijaganda bwana. Humo mtungini kuna butane na propane zimechanganywa: butane inaacha kugeuka mvuke ikifika karibu nyuzi sifuri, propane mpaka baridi kali zaidi ya hapo, na alfajiri ya Dodoma haifiki huko hata mwezi wa saba. Ila hita inafyonza gesi kuliko jiko, kamtungi ka kilo 6 ukikaona kanatoka jasho ujue kamezidiwa, weka wa kilo 15.

Sasa sikiliza mlio. Ikiwa kimya, ni betri au maji. Hizo hita nyingi zinatumia betri mbili kubwa kama za tochi, weka mpya. Halafu maji, maana humo ndani kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndo kiruhusu cheche na gesi, presha ikiwa ndogo hakisogei. Simtanki lililo mita moja juu ya shawa linakupa presha ya baa 0.1 tu, hita nyingi zinataka mara mbili yake au zaidi. Na maji yetu haya ya chumvi unayajua, fungua kichwa cha shawa ukitoe kabisa ujaribu kuwasha, ikiwaka basi mchawi ni vile vitundu vimejaa magadi meupe, loweka kwenye siki usiku kucha. Safisha na kachujio pale maji yanapoingilia.

Ikilia tik tik bila kushika, gesi haifiki. Mmebadilisha mtungi juzi, kwa hiyo huenda kuna hewa kwenye mpira wa gesi, fungua na kufunga maji mara kadhaa itoke, ila ukisikia harufu ya gesi acha, funga mtungi. Angalia mpira haujajikunja, na regulata iwe ile ya presha ndogo, sio ya majiko ya mama ntilie.

Ikigoma hata hapo ita fundi, kiwambo kikichanika kinabadilishwa chenyewe, hita mnabaki nayo. Akitaka kuunganisha waya moja kwa moja bila sensa ya moto, ile inayofunga gesi moto ukizimika, ili iwake tu, mkatalie.