Unarudi kwenu pwani ya Uingereza? Usilale kwa mama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliye Doha, mwalimu kama mimi, ameniandikia. Kwao ni Bournemouth, hajarudi tangu ajifungue, Julai hii anakwenda na watoto wawili na mama yake ameshamtandikia chumba. "Dada, nikae kwa mama au nipange nyumba?" Nikamjibu neno moja: panga. Baadaye nikaona jibu hilo peke yake ni ukorofi. Haya basi, maelezo.

Mie kwetu ni Southsea, upande wa Portsmouth unaotazama bahari. Wazanzibari wengi wanaujua mji huu hata kama hawajaukanyaga, maana Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wetu wa mwisho, aliishi hapo miongo na miongo baada ya Mapinduzi ya 1964, hadi 2020 aliporuhusiwa kuhamia Oman. Mie nilimtangulia Muscat. Yeye alifuata ardhi ya wahenga wake, mie nilifuata mshahara.

Ukikaa Ghuba, Juni ikiingia akili inahama. Joto linapita nyuzi 40, watoto wamefungiwa ndani na kiyoyozi, wenye nafasi wamekimbilia Salalah, kusini mwa Oman, kwenye manyunyu ya kharifu, msimu wa mvua za huko, na wewe kila ukifumba macho unaiona Canoe Lake, ziwa dogo la Southsea: boti za kukanyaga zenye shingo za bata maji, na watoto wamelala kifudifudi ukingoni wanavua kaa kwa uzi. Tulipokuwa wadogo wenzetu walitumia bekoni, nyama ya nguruwe, kuwa chambo. Sisi mama alitufungia vichwa vya samaki kwenye mfuko wa plastiki, na wallahi kaa walikuwa wakija kwetu kwanza.

Ndoto ni hiyo. Nyumba ya mama ni jambo jingine. Ni nyumba nyembamba, ukuta kwa ukuta na ya jirani, choo kimoja, na anaishi mama, kaka yangu, mkewe na watoto wao. Wifi yangu anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Asubuhi ndiyo saa yake ya kulala. Sasa waingize humo wanangu, ambao saa ya Muscat iko mbele kwa saa tatu. Wakiamka kwa mazoea yao ya saa kumi na mbili asubuhi, Southsea ni saa tisa za usiku, nao wanataka chai na katuni. Jioni ndiyo kabisa: mwanzoni mwa Julai jua linazama saa tatu na kitu usiku. Mweleze mtoto wa miaka minne kwamba ni wakati wa kulala na nje kweupe hivyo.

Tulipofikia humo, kaka hakusema kitu. Wifi naye hakunisemea usoni. Aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Bi Petroli kafika, fungueni mlango mkubwa." Vikafuata vikatuni vya kucheka, mashangazi wa London, binamu wa Dubai, wote. Nami nikaweka changu cha kucheka. Mie nafundisha hisabati darasa la tano. Sina kisima. Lakini kwa watu wa nyumbani, ukishasema mshahara haukatwi kodi, hesabu imekwisha: chipsi na siki za ukoo mzima unalipa wewe, nauli ya hovakrafti, chombo kinachoelea kwa hewa juu ya maji, ya kwenda Ryde kisiwani Isle of Wight unalipa wewe, tena ni safari ya dakika 10 tu na kila mtu anataka kwenda na kurudi. Nililipa. Wala sijasikia asante inayolingana na kile kikatuni.

Kiangazi kilichopita nilipanga. Fleti ya ghorofa ya pili, si mbali na South Parade Pier, dirisha moja linaona Solent, mkono wa bahari ulio mbele yetu, na meli zinazokwenda Isle of Wight. Mama alinuna. "Kwenu kupo, ukalale kwa watu?" Aliuliza hivyo kwenye simu mpaka nikataka kughairi. Sikughairi. Siku ya pili kengele ikalia, nikafungua, ni yeye, anahema kwa ngazi, kashika thermosi ya chai ya maziwa na mandazi kwenye karatasi ya fedha, anakagua jikoni kama mwenye nyumba. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Mie naye hatujapata kuzungumza hivyo tangu niolewe, kwa sababu kule kwake kila mazungumzo yana wasikilizaji. Wifi alikuja pia, amelala usingizi wake wa kutosha, kaleta biriani. Hakuomba radhi, wala mie sikuitaja ile "Bi Petroli".

Kwa hiyo nakwambia tena, dada yangu wa Doha: panga. Usijidanganye kwamba unaokoa pesa, utazilipa kwenye mikahawa. Usijidanganye kwamba mama atakufa kwa huzuni. Wewe uko likizo, wao wako kazini, na mtu wa likizo akikaa katikati ya watu wa kazini hata kucheka kwake kunakera. Watu wetu tumezoea kudhani undugu ni kubanana. Jiheshimu, na uwaache nao wajiheshimu. Panga.

Mengine ni madogo. Shule za Uingereza hufunga karibu na mwisho wa Julai; za kwetu huku zikifunga mapema, wahi wiki hizo za kabla, kodi za nyumba ziko chini na ufuko una nafasi. Wikiendi ya kabla ya Jumatatu ya mwisho ya Agosti Southsea inakuwa na tamasha la muziki la Victorious uwanjani kando ya bahari, na kama hukuja kwa muziki, usisogee huko na gari. Nunua bima ya afya. Pasi ya Uingereza si kadi ya NHS, huduma ya afya ya serikali: hospitali wanaangalia unaishi wapi, na usipokuwa mkaazi, ukilazwa unaweza kuletewa bili. Wanao waliozaliwa Doha wawe na pasi zao za Uingereza mapema, kwa kuwa raia wa Uingereza haombewi ETA, kile kibali cha kielektroniki cha wageni kuingia nchini.

Umeuliza pia kuhusu maji ya bahari. Ni baridi. Agosti, wakati ndiyo yamepata moto, ni kama nyuzi 18. Bournemouth mna mchanga, mna bahati. Sisi Southsea ni kokoto tupu, na watoto waliozoea mchanga wa Qurum, ufuko wa Muscat, hutembea juu yake huku wanalia. Wavalishe viatu vya mpira hata huko kwenu, kwenye zile kuta za mbao za kuzuia mawimbi kuna magamba makali na misumari, na chipsi zao wazile wakiwa wamezipa shakwe mgongo.