Barua kwa mwanangu: zamu ya usiku

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ile sauti uliyonitumia baada ya harusi nimeisikiliza mara mbili. Waniuliza: "Mama, nyanya alizaa tisa, wewe watatu, na mimi hata huyo mmoja namuogopa. Shangazi asema ni ubinafsi. Ni kweli?"

Si kweli. Shangazi yako namheshimu, lakini hapo amepotoka.

Nikwambie tulivyolala. Kitanda kimoja cha kamba, watoto wanne, mzungu wa nne: kichwa changu miguuni pa mjomba wako, na miguu yenyewe yanuka matope ya pwani. Alfajiri kila mtu na kazi yake. Mimi nilizungusha sinia la mahamri Majengo kabla ya chuo cha Kurani. Kaka zangu waliteka maji mferejini. Mtoto wa miaka saba aliingiza pesa nyumbani. Wewe wa miaka saba ulizitoa: karo, sare, vitabu, tuisheni, gari la shule. Silalamiki, nahesabu tu.

Na katika hao tisa, wawili walichukuliwa na ukambi, mmoja hata mwaka hakufika. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1980, sisi tushakua. Nyanya yako alizaa akijua si wote watakaobaki. Takwimu za Kenya za 2022 zasema watoto 41 katika kila 1,000 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Bado ni wengi, lakini anayezaa wawili leo hutaraji kuwalea wote wawili. Nchi hii hii, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa wastani wa watoto wanane. Mwaka 2022 ni 3.4.

Shangazi atasema ni Uzungu. Iran nao ni Wazungu? Miaka ya 1980 walizaa zaidi ya sita, kufikia 2000 wakawa kwenye wawili hivi, na serikali yenyewe ya maulamaa ilihimiza uzazi wa mpango. Wakorea Kusini ndio wamepitiliza: 0.72 mwaka 2023.

Sasa langu, ambalo sijawahi kukwambia. Baada yako nilikwenda kudungwa sindano ya miezi mitatu bila ya babako kujua. Nilimwambia mwaka wa pili. Alinuna siku tatu, kisha akaniuliza sindano nyengine ni lini. Watu hudhani nilifanya vile kwa ajili ya pesa. Pesa zilikuwamo, ndiyo, lakini kilichonishinda ni kukosa wa kumwachia mtoto. Nyanya yako alilea kwenye nyumba ya ua mmoja, wanawake wanne; mtoto akilia, aliye karibu humbeba. Mimi nilipanga Kisauni, mlango kwa mlango na watu nisiowajua, mguu mmoja kwenye cherehani, mguu mwengine watikisa susu. Nguo za Idi zangojea. Wewe uko ghorofa ya nne Nairobi, hata jina la jirani hulijui.

Kodi yako siwezi kuipunguza. Lakini Mungu akikujaalia huyo mmoja, arubaini utakaa kwangu, na ukirudi kazini mwache huku mpaka atembee. Kile kitanda cha kamba nimekisuka upya. Zamu ya usiku nitampa shangazi yako, maana ndiye anayetaka watoto.

Mamako