Hemanjioblastoma ya kisogoni: upasuaji si mwisho, kapimeni macho na figo

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 26 akishatolewa hemanjioblastoma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, kwenye ubongo mdogo (sehemu ya ubongo iliyo kisogoni), kwa vile si saratani, mambo yatakuwa yamekwisha. Pole sana. Nakujibu kwa yaliyotukuta nyumbani.

Kaka yangu alianza kuumwa kichwa alfajiri na kutapika. Miezi mitano alimezeshwa dawa za malaria, taifodi, vidonda vya tumbo. Alipoanza kuyumba kama mlevi ndipo akapigwa MRI. Hemoglobini yake (kiwango cha damu) ilikuwa 19, juu kuliko kawaida, tukafurahi kwamba damu anayo. Kumbe uvimbe wenyewe ndio uliokuwa unatoa homoni ya kuzalisha damu.

Alipasuliwa salama, tukachinja mbuzi. Hakuna aliyetuambia tupime kingine. Miaka miwili baadaye jicho la kushoto likaanza kuona giza: uvimbe wa aina ileile, kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Daktari wa macho akauliza, "Kwenu kuna mwingine aliyepofuka?" Nilitoka jasho. Baba alipoteza jicho ujanani, na ukoo mzima uliamini karogwa na jirani. Familia mbili zilinuniana miaka 30 kwa ajili hiyo.

Ugonjwa unaitwa von Hippel-Lindau, VHL. Jeni yake (chembe ya urithi) iko kwenye kromosomu namba 3, na husaidia kuvunja protini inayoamsha ukuaji wa mishipa ya damu oksijeni inapopungua. Jeni ikiharibika, seli hujiona zimekosa hewa muda wote, mishipa inaota ovyo: ubongoni, uti wa mgongo, machoni. Kwenye figo inaweza kuja saratani kabisa. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu kurithi.

Wengi wenye uvimbe huu hawana VHL, lakini kwa umri wa mdogo wako msipuuze. Kabla ya upasuaji ombeni apimwe homoni za tezi zilizo juu ya figo. Zikiwa na uvimbe uliojificha, presha inaweza kupaa vibaya akiwa kwenye nusukaputi. Halafu macho, uti wa mgongo, figo, na kipimo cha jeni. Sampuli zetu zilipelekwa nje ya nchi. Mimi sikurithi. Dada yetu amerithi, na alichomwa leza kadoa kadogo machoni kabla hajahisi lolote.

Wazazi wenu wapo? Kuna aliyepofuka mapema kwenu, au aliyefariki kwa figo?